Mbona haipo dukani?

Jioni ile karakana ilikuwa imebaki na watu watatu: mimi, mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa pili, na kijana wa stoo aliyekuwa anasubiri tumalize afunge mlango. Mezani palikuwa na kile watafiti wanachokiita msuli bandia: fremu ya plastiki ngumu, na ndani ya fremu nilikuwa nimewamba utando mwangavu kiasi cha kuweza kusoma gazeti lililo nyuma yake. Katikati ya utando palikuwa na duara jeusi la grisi ya kaboni lenye kipenyo cha sentimita 2. Duara jingine kama hilo lilikuwa upande wa chini. Vipande viwili vyembamba vya karatasi ya alumini vilipeleka umeme, kimoja juu, kingine chini.

Nikaanza kupandisha voltaji. Mpaka voliti 2000 hapakuwa na la kutazama. Karibu na 3000 ukingo wa duara ukaanza kusogea. Kufika 5000 duara lilikuwa limepanuka kiasi kwamba hata kijana wa stoo aliacha simu yake. Halafu, bila mimi kugusa kitu, likaendelea kutambaa kidogo kidogo kwa uvivu, kisha likatulia. Nikashusha voltaji, likarudi. Hakuna mota, hakuna gia, hakuna mlio.

“Mwalimu, samahani,” akasema yule mwanafunzi. “Hii si kapasita tu?”

“Ni kapasita.”

“Na vifaa vyote ndiyo hivi vilivyopo mezani?”

“Ndiyo hivi.”

“Sasa mbona haipo dukani?”

Nikampa jibu ambalo kila mtu hulitoa: voltaji. Nani atakubali kutembea na voliti 5000 mfukoni? Akaitikia kwa kichwa, kijana wa stoo akafunga mlango, tukatawanyika.

Jibu lile halikuniacha nilale kwa wiki kadhaa.

## Kapasita laini

Kapasita ni kifaa cha kuhifadhi chaji za umeme, na kanuni yenyewe haimalizi ukurasa. Utando wa mpira laini, kaboni pande zote mbili, chanya juu, hasi chini. Chaji za juu na za chini zinavutana na kuubana utando ulio katikati yao. Mpira ukibanwa haupotezi ujazo. Unachopungukiwa kwa unene unakifidia kwa upana. Kapasita iliyomo kwenye redio yako nayo hubanwa hivyo hivyo kila unapoiwasha, ila plastiki yake ni ngumu mno, haionyeshi chochote.

Shinikizo linalopatikana linafuata mraba wa uga wa umeme, yaani voltaji iliyogawanywa kwa unene wa utando. Hapo ndipo penye utamu, na ndipo penye balaa. Utando wangu, baada ya kuvutwa, ulikuwa na unene wa mikromita 62 hivi. Voliti 5000 juu ya unene huo ni voliti 80 kwa kila mikromita, wakati hewa ya kawaida huachia cheche ikifika voliti 3 hivi tu kwa mikromita. Kwa akriliki, aina ya mpira laini niliyotumia, uga wa namna hiyo unaleta shinikizo la zaidi kidogo ya robo ya megapaskali, ambalo ni mara mbili na nusu ya hewa inayotukandamiza sote hapa chini. Shusha hadi voliti 2000, shinikizo linaanguka chini ya nusu ya angahewa. Ndiyo maana duara liligoma mwanzoni.

Ukimaliza hesabu hizo daftarini unabaki kujiuliza ugumu uko wapi.

## Utepe wa Röntgen

Mwaka 1880, miaka 15 kabla ya kugundua eksirei, Wilhelm Röntgen alikuwa Giessen, Ujerumani, akihangaika na utepe wa mpira wenye urefu wa karibu mita 1, uliotundikwa na uzito kwa chini. Mpira wa utomvu wa miti, jamaa ya huu unaogemwa Kihuhwi kule Muheza. Hakuupaka kaboni. Aliunyunyizia chaji kutoka kwenye ncha kali zilizounganishwa na mashine ya umeme, na utepe ukarefuka kwa asilimia chache.

Kwa upande wa mpira, kilichofuata ni karibu kimya, zaidi ya karne nzima.

Waliouvunja ukimya huo ni Ron Pelrine, Roy Kornbluh, Qibing Pei na Jose Joseph wa taasisi ya utafiti ya SRI International, California. Mwaka 2000 walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya silikoni na akriliki zilizotanuka kwa zaidi ya asilimia 100. Na ile akriliki haikubuniwa na mkemia wa misuli. Ilikuwa tepu. VHB 4910 ya kampuni ya 3M, tepu angavu ya pande mbili yenye unene wa milimita 1, iliyotengenezwa kwa ajili ya kubandikia vioo na plastiki.

Habari hii ya tepu naipenda, na inanitia wasiwasi. Naipenda kwa sababu inampa fundi yeyote mahali pa kuanzia. Wasiwasi wangu ni kwamba fani nzima ilijenga nyumba yake juu ya bidhaa ambayo mtengenezaji wake aliahidi kitu kimoja tu: kwamba itashika. Hakuahidi usafi wa ndani unaostahili voliti 80 kwa mikromita. Kwa nini aahidi? Kioo hakihitaji.

## Sekunde 4

Mwaka 1999 Yoseph Bar-Cohen wa maabara ya JPL, zile za NASA, aliwatupia watafiti changamoto: tengenezeni mkono wa roboti wenye misuli ya polima, umshinde binadamu katika mchezo wa kulazana mikono mezani. Tarehe 7 Machi 2005, San Diego, mikono mitatu ilijitokeza. Mpinzani alikuwa msichana wa sekondari mwenye miaka 17.

Aliilaza yote. Wa kwanza ulijitahidi kwa sekunde 26. Ule wa Empa, taasisi ya utafiti ya Uswisi, ulidumu sekunde 4. Wa Virginia Tech, 3.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilicheka. Safari hii, nikiwa na swali la mwanafunzi kichwani, nilikwama kwenye jambo dogo: mkono wa Uswisi ulikuwa na misuli zaidi ya 250 ya kuviringisha. Kila mmoja ni utando uliovutwa, ukapakwa kaboni, ukaviringishwa bila kukunjamana. Misuli ya namna hii inapounganishwa sambamba, utando mmoja ukitoboka unakuwa njia ya mkato ya umeme, na voltaji ya kundi zima inaanguka. Aliyekaa kutengeneza vitu hivyo kwa mkono ndiye anayejua maana ya 250.

Kwa hiyo sekunde 4 zile hazikunionyesha udhaifu wa misuli. Zilinionyesha watu waliokuwa wamefanya kazi ya mikono ya kutisha kabla hata ya kufika ukumbini.

Hapo ndipo jibu langu la voltaji lilipoanza kuyumba.

## Voltaji inasingiziwa

Hebu tuangalie ndani ya nyumba zetu. Raketi ya mbu inayouzwa kwenye foleni ina zaidi ya voliti 1000 kwenye nyavu zake, na watoto wanaichezea sebuleni. Televisheni ya kichogo ya rangi ilikuwa na zaidi ya voliti 20,000 nyuma ya kioo, tukailaza juu ya kabati, tukaifunika kitambaa cha kufuma, na bibi akaweka maua ya plastiki juu yake. Hakuna aliyesema haifai kuuzwa.

Kinachoumiza ni mkondo na nishati iliyohifadhiwa, na hapa duara langu ni dogo mno. Ni kapasita ya pikofaradi 210 hivi. Ikijazwa kwa voliti 5000 inabeba kama milijuli 2.6. Chanzo cha umeme kilicho nyuma yake ndicho cha kuogopwa (nitakirudia mwishoni), si msuli wenyewe.

Na zaidi ya hapo, msuli haujui voltaji. Unajua uga. Nusu ya unene inahitaji nusu ya voltaji kwa nguvu ile ile. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha EPFL, Lausanne, Uswisi, katika maabara ya Herbert Shea, walionyesha mdudu wa roboti mwenye uzito wa chini ya gramu 1, anayetembea kwa misuli ya aina hii inayoendeshwa na voliti 450. Fanya hesabu ya haraka: ili voliti 450 zikupe uga kama wa duara langu, utando unatakiwa uwe na unene usiofika mikromita 6.

Sita.

Mimi nilikuwa nasumbuka na 62.

Sisemi voltaji haina gharama. Kibadilishaji kidogo cha kupandisha umeme wa betri hadi kilovoliti kina bei yake, kinapoteza nishati, na ni kazi kukibana ndani ya kifaa cha ukubwa wa kidole. Ila hilo ni tatizo linalolipika. Anayelitaja kama sababu kuu, kama nilivyofanya jioni ile, anaepuka swali gumu zaidi.

## Kuwamba

Swali gumu liko mikononi.

Tepu ya VHB unaanza nayo ikiwa na milimita 1. Unakata mraba, unaushika kwa pembe, unauvuta hadi kila upande uwe mara 4 ya ulivyokuwa. Eneo limeongezeka mara 16, kwa hiyo unene umegawanyika kwa 16. Ndiyo hizo mikromita 62. Kwa maneno ni sentensi mbili. Kwa vitendo, ni kitu kinachonata kila kinachokigusa, kikiwemo chenyewe. Kona moja ikitangulia kuvutwa, utando unakuwa mwembamba upande mmoja, na jicho halioni tofauti. Umeme unaiona papo hapo.

Kuuvuta hivyo si anasa. Mpira uliokwisha kuvutwa sana unakuwa mgumu kadiri unavyozidi kuvutwa, na ugumu huo ndio unaouzuia usijiponze, nitaeleza. Pia uwezo wake wa kustahimili uga bila kutoboka unapanda sana. Lakini akriliki ina tabia ya kulegea taratibu. Utando ulioubandika kwenye fremu asubuhi hauna mkazo ule ule jioni. Na hiyo ndiyo sababu ya duara kutambaa kwa uvivu baada ya voltaji kutulia: akriliki haina haraka. Silikoni ina haraka zaidi, ndiyo maana maabara nyingi zimehamia huko, ila si rahisi kuipata ikiwa tayari kwenye roli. Unaimimina, unaisambaza kwa kisu chenye nafasi iliyopimwa, unaikausha, halafu unaomba Mungu wakati wa kuibandua.

Kisha vumbi. Karakana yetu ina madirisha mawili, barabara ya vumbi nje na feni la dari. Utando unaonata wa eneo la sahani, ukiuacha wazi chini ya feni hilo, unakusanya kila kinachopita.

Wanafunzi walishauri tutumie mpira wa ndani wa baiskeli, upo tele na hauna gharama. Ni wazo zuri hadi uupime. Mpira huo umechanganywa masizi ya kaboni ili uwe imara, na masizi hayo yanavujisha umeme. Kitu kile kile ninachokitafuta kwa ajili ya elektrodi (zile tabaka za kaboni za kupitishia umeme) kipo ndani ya mpira, mahali ambapo sikitaki kabisa. Glavu ya mpira ya hospitali ilifanya vizuri zaidi: ilisogea, ila kidogo sana, mpaka uweke alama ya kalamu pembeni ndipo usadiki. Ni nene na ngumu kuliko akriliki iliyovutwa.

## Tundu

Sasa niseme kilichonigeuza.

Tando zilizokufa sikuzitupa. Nilizibandika kwenye kioo cha dirisha, zikaachwa hapo, na mchana mmoja jua likipiga nikazipitia moja moja kwa lenzi ya fundi saa. Tundu la utando uliokufa ni dogo sana, kama limechomwa kwa ncha ya sindano ya moto. Lina ukingo mweusi uliojikunja, na mara nyingi kuna mpasuko mfupi unaokimbia kutoka hapo kwa sababu utando ulikuwa na mkazo.

Nilikuwa nimetarajia matundu yatawanyike ovyo. Hayakutawanyika. Mengi yalikuwa kwenye ukingo wa duara la kaboni, au penye kona ya karatasi ya alumini, mahali ambapo uga hujikusanya. Mengine yalikuwa na punje katikati yake, au alama ya mviringo ya kiputo cha hewa. Sikuona hata moja lililotokea katikati, pasafi.

Yaani mpira wenyewe haukuwa umeshindwa popote. Kilichoshindwa kila mara ni kitu nilichoingiza mimi au hewa ya karakana.

Chukua punje ya kaboni ya mikromita 20 iliyozama ndani ya utando wa 62. Zimebaki 42 za kuzuia umeme. Uga wa hapo umeruka kutoka 80 hadi karibu 119, na kwa kuwa shinikizo linafuata mraba, sehemu hiyo inabanwa zaidi ya mara mbili ya jirani zake. Ikibanwa inakonda. Ikikonda uga unapanda. Uga ukipanda inabanwa tena. Ni mkopo wa kausha damu: riba inazaa riba, na mwisho wake unajulikana. Mpira wa kawaida ambao haukuvutwa kabla, ukishapungua unene kwa kiasi cha theluthi moja hivi, hauna tena pa kusimama. Mzunguko huo unaumaliza. Uliovutwa kabla una bahati, kwa sababu unakaza kabla ya kufika huko.

Na hapa Röntgen anarudi kwa namna nisiyoitarajia. Mwaka 2010 Christoph Keplinger na wenzake huko Linz, Austria, walirudia njia yake ya kunyunyizia chaji bila elektrodi, wakaonyesha kwamba mzunguko ule wa kujiangamiza hautokei. Sababu ni rahisi ukishaiona. Ukiunganisha betri, voltaji inabaki pale pale na chaji mpya zinaendelea kuingia kadiri utando unavyokonda. Ukinyunyiza chaji ukaacha, hakuna nyingine zinazoongezwa. Utando ukipanuka, zilizopo zinatawanyika juu ya eneo kubwa zaidi na uga unapungua. Mkopo umefungwa. Yule mzee wa 1880 alikuwa na njia salama tangu siku ya kwanza, ila haifai kwa kifaa cha kuwasha na kuzima mara mia kwa sekunde.

## Waliohama

Keplinger huyo huyo ndiye aliyenipa shaka kubwa kuliko zote.

Mwaka 2018, akiwa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, yeye na kikundi chake walitoa kitu walichokiita HASEL. Badala ya utando wa mpira kati ya elektrodi, waliweka kimiminika: mafuta ya transfoma yaliyotokana na mimea. Umeme ukipasua kimiminika, cheche inapita, kisha mafuta yanarudi mahali pake na msuli unaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwaka huo huo wakaja na toleo la vifuko vya plastiki nyembamba ya polipropilini, isiyovutika, iliyozibwa kwa joto. Hapo elektrodi zinavutana na kufumba kifuko kuanzia ukingoni, mafuta yanasukumwa upande mmoja, kifuko kinavimba na kufupika.

Nilisoma hayo nikahisi kama shabiki aliyeona mchezaji wake bora amehamia timu nyingine. Mtu aliyeuelewa mpira kuliko wengi wetu ameuacha mpira.

Halafu nikaangalia voltaji wanayotumia. Kilovoliti kadhaa, hadi karibu 10. Mara mbili ya yangu. Na vifaa hivyo vina kampuni, Artimus Robotics, huko huko Boulder.

Basi jibu la voltaji likafa kabisa. Waliopiga hatua kuelekea sokoni walipandisha voltaji. Walichokimbia ni tundu. Na walichokipata badala yake ni njia ya kutengeneza: plastiki nyembamba iliyokwisha kutengenezwa kiwandani kwa usahihi mkubwa, na ziba ya joto, kazi ambayo kwa asili yake ni ya mashine ile ile inayoziba pakiti za karanga.

## Kumbe iliwahi kufika

Mwanafunzi wangu hakuwa na namna ya kujua, nami nilikuwa nimesahau: iliwahi kuwa dukani. SRI ilizaa kampuni iliyoitwa Artificial Muscle. Bayer ya Ujerumani ikainunua mwaka 2010, na teknolojia ikauzwa kwa jina la ViviTouch. Mwaka 2012 kulikuwa na kava ya iPod touch ya kuchezea gemu, yenye utando wa elastoma (mpira laini) ndani yake unaotikisika mkononi kila ukipigwa risasi kwenye mchezo. Baadaye Bayer iliachana na kazi hiyo.

Mshindani wake hakuwa msuli wa binadamu wala mkono wa San Diego. Alikuwa ile mota ndogo ya vaibreshini yenye kijiuzito kilichokaa upande, ambayo fundi simu yeyote anayo kwenye kopo, ameichomoa kwenye simu iliyokufa. Haihitaji usafi. Haihitaji kilovoliti. Ikidondoka chini unaipuliza, unaiuza.

Kwa maoni yangu kulinganisha vitu hivi na misuli kumevidhuru. Ukiuita kitu msuli, watu watakuletea meza na msichana wa miaka 17. Vilitakiwa kupewa kazi ambayo mota inaonea haya. Mwaka 2021 Wachina, kikundi cha Chuo Kikuu cha Zhejiang, walichapisha habari ya roboti laini mwenye umbo la samaki waliyempeleka hadi Lindi la Mariana, penye kina kirefu kuliko pote baharini. Mapezi yake yakapiga kwa misuli ya elastoma kwenye kina cha mita 10,900, na katika Bahari ya China Kusini aliogelea huru kwenye kina cha zaidi ya mita 3,200. Huko chini kilicho kigumu kinapondwa, kilicho laini hakina cha kupondwa. Hapo mota yetu ya vaibreshini haina la kusema.

Na wale Waswisi wa sekunde 4? Hawakukata tamaa. Waliacha kuviringisha, wakaanza kupanga tando nyembamba tabaka juu ya tabaka kama mrundo, wakisukuma kazi itoke kwenye vidole iende kwenye mashine. Kazi hiyo ilizaa kampuni, CTsystems, ambayo baadaye ilichukuliwa na Dätwyler, wenyeji wa Uswisi wanaotengeneza sili na vifaa vya mpira kwa viwanda. Kwangu hii ndiyo habari nzito kuliko roboti wote niliowataja, ingawa haina picha ya kuvutia. Mpira umekabidhiwa kwa watu wanaojua kutengeneza mpira.

Nilimwambia hivyo yule mwanafunzi juzi. Akauliza kama basi tunaweza kupata mashine ya kusambazia silikoni. Hatuwezi, si mwaka huu. Lakini tumeanza kutengeneza sanduku la mbao lenye upande wa nailoni ya wazi na mashimo mawili ya kupitishia mikono, ili tuwambe utando humo ndani.

## Kwa mnaotaka kujaribu

Wachache mmeshaniandikia mkiuliza, basi nimalizie na hili.

Msiunganishe utando moja kwa moja kwenye chanzo. Wekeni kinzani kubwa katikati. Kwa voliti 5000 natumia kinzani 20 za megaomu 4.7 zilizounganishwa mfululizo, jumla megaomu 94. Ishirini, kwa sababu kinzani moja ya kawaida ya robo wati haistahimili zaidi ya voliti 250 hivi. Ukitumia chache, umeme utaruka juu yake. Utando ukitoboka, au kidole kikigusa elektrodi, mkondo unaotoka kwenye chanzo hauzidi mikroampea 54. Na kwa kapasita ndogo kama hii ya pikofaradi 210, kinzani hizo zinachelewesha mwendo kwa sekunde 0.02 tu.

Kapasita za ngazi ya kupandishia voltaji, zile zilizo ndani ya chanzo, ziko kabla ya kinzani, kwa hiyo kinzani hizo haziwalindi nazo. Zinabaki na chaji hata baada ya kuzima. Zitoeni chaji kupitia kinzani, si kwa bisibisi, mkono mmoja ukiwa mfukoni, kabla ya kugusa kitu chochote. Anayefanya kazi peke yake usiku asifanye.

Mnaotumia raketi ya mbu kama chanzo: toeni kwanza ile kapasita yake kubwa ya kutolea cheche. Hamuihitaji, na ndiyo inayouma.

Na feni lizimwe nusu saa kabla ya kufungua roli la tepu.